Mgeni njoo, mwenyeji apone



Wengi wetu tumelelewa na methali hii: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipokuwa watoto, mgeni alipobisha hodi tulijua kuku atachinjwa na chai itakuwa na maziwa. Hata bibi aliyelala na homa tangu asubuhi angeinuka, ajifunge kanga yake vizuri na kukaa barazani. Desturi hiyo tumekuja nayo mpaka hapa Doha. Mmoja wetu akilazwa, akina mama wanapanga zamu, watu wanachanga riyali kumi kumi, na Ijumaa baada ya ibada magari mawili matatu yanaondoka Mesaimeer yamejaa watu, nyimbo na sufuria za pilau.

Kwa hiyo ilituuma pale familia moja ya ushirika wetu ilipotuomba tusiende kwao. Mtoto wao alikuwa ametoka hospitali baada ya kupandikizwa uboho. Tulikuwa tumemwombea kwa miezi. Sasa yuko nyumbani, na mama yake anatuandikia: "Tunawapenda sana, lakini kwa sasa msije. Na ninyi wenye watoto, naomba mniambie kama wamechanjwa." Baadhi yetu tuliona ni kiburi. Wengine walisema mama huyu ameanza maisha ya kizungu. Mzee wetu mmoja aliuliza swali ambalo ndilo limetufanya tuandike: "Tangu lini mgonjwa akawa na haki ya kuuliza habari za mwili wangu?"

Wazazi wameturuhusu tueleze habari hii bila majina. Swali la mzee tumekaa nalo kwa wiki kadhaa. Si swali la kunyamazishwa kwa maneno matamu. Linastahili jibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tulihukumu kabla ya kuelewa. Uboho ni ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Humo zimo seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu yote: chembe nyekundu, chembe za kugandisha damu, na chembe nyeupe ambazo ndizo jeshi la kinga. Mtu mwenye saratani ya damu, au mwenye selimundu kali, anaweza kupewa dawa nzito, pengine na mionzi, ili uboho wake wa zamani ufutwe. Kisha anawekewa seli shina mpya kwa njia ya mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu. Daktari wa Marekani, E. Donnall Thomas, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi yake katika tiba hii. Leo inafanyika hapa Doha, na nyumbani nako imeanza: Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Mtoto wetu alipewa uboho wa dada yake. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mwenzake, na hapa Mungu alijalia wakalingana.

Lakini uboho wa zamani ukifutwa, kumbukumbu ya kinga nayo inapotea kwa sehemu kubwa. Zile sindano zote alizopigwa akiwa mgongoni kwa mama yake, mwili mpya hauzikumbuki. Kwa upande wa kinga, mtoto wa miaka tisa anarudi kuwa kama mtoto mchanga.

Kaka na dada zetu wanaofanya kazi ya ulinzi wataelewa haraka. Umepangiwa lindo jipya katika jengo la West Bay. Siku ya kwanza humjui mpangaji wala mwizi, na daftari la mlinzi aliyekutangulia limeungua. Itabidi ufundishwe upya. Chanjo nyingi, kama za pepopunda, dondakoo, kifaduro na nimonia, ni kama picha ya mwizi iliyobandikwa ukutani. Picha haiibi. Hizo huanza kurudiwa mapema, mara nyingi kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya kupandikizwa.

Chanjo hai ni habari nyingine. Chanjo ya surua (ambayo Wakenya wengi tunaiita ukambi), matubwitubwi na rubela, chanjo ya tetekuwanga, na ile ya homa ya manjano zina virusi hai ambavyo vimedhoofishwa. Hapo si picha tena. Ni mwizi mwenyewe, amefungwa mikono, analetwa mbele ya mlinzi apate kumjua. Mlinzi aliyekomaa anamdhibiti na kumkariri maisha yake yote. Mlinzi wa siku ya kwanza anaweza kushindwa hata na mwizi aliyefungwa mikono, na chanjo iliyokusudiwa kumlinda mtoto ikamletea ugonjwa.

Ndiyo maana madaktari husubiri. Kwa kawaida chanjo ya surua haitolewi kabla ya miezi 24 kutimia tangu kupandikizwa. Hata miezi hiyo ikitimia, wanaangalia mambo mengine. Je, ameacha dawa za kupunguza kinga, na imepita muda wa kutosha, mara nyingi mwaka mzima? Je, hana ule ugonjwa ambao seli za mtoaji zinaushambulia mwili wa mpokeaji? Je, imepita miezi minane au zaidi tangu alipowekewa kingamwili za watu wengine mshipani? Kingamwili hizo huizima chanjo kabla haijafundisha kitu. Chanjo ya BCG ya kifua kikuu na matone ya polio ya mdomoni hapewi. Polio anachanjwa kwa ile ya sindano, ambayo haina virusi hai.

Basi kuna miaka miwili, na pengine zaidi, ambayo mtoto huyu hana kinga ya surua na haruhusiwi kuitafuta. Akitaka kujilinda hawezi. Wazazi wake wakitaka kumlipia hakuna cha kununua. Kinga pekee anayoweza kuwa nayo katika miaka hiyo imo katika miili ya watu wengine: ya dada yake, ya wazazi wake, ya jirani wa chumba cha pili, na yetu sisi tunaokuja na pilau.

Tunajua tunavyoishi hapa mjini. Familia nyingi zetu zinapanga sehemu ya villa, Al Mansoura au Najma, jiko moja kwa nyumba tatu, ukuta wa mbao katikati. Walio kambini wanalala wanne, sita, katika chumba kimoja. Surua husafiri kwa hewa, na virusi vyake vinaweza kukaa hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mgonjwa mmoja, mahali pasipo na kinga, anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Na jambo la kututia hofu ni hili: mtu huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea. Katika siku hizo ana mafua kidogo, macho mekundu, kikohozi. Anasema ni vumbi la Doha. Anakwenda kumwona mgonjwa.

Hapo ndipo tuliposimama na methali yetu. Mgeni amekuja kwa upendo, na kwa upendo huo huo anaweza kumuua mwenyeji. Hakukusudia lolote. Hajui lolote. Je, kutojua kunamtosha kuwa udhuru?

Sisi tunaona kulimtosha jana. Mtu hahesabiwi kosa kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Lakini akishaambiwa, na njia ya kujua ikiwa ni kufungua bahasha ya kadi za kliniki au kuuliza kituo cha afya, kutojua kunageuka kuwa kutotaka kujua. Na kutotaka kujua ni uamuzi. Mtu huujibia kama anavyojibia uamuzi wake mwingine.

Sasa turudi kwa mzee, ambaye maneno yake yana uzito. Alisema: mwili wangu ni wangu. Mgonjwa akae ndani mpaka apone, dunia haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja. Kuna ukweli hapo. Ushirika hauna mamlaka ya kumchoma mtu sindano kwa nguvu, wala hatutaki kuona siku ambayo mlangoni mwa ibada anasimama mtu wa kukagua kadi za chanjo. Na mgonjwa naye ana wajibu: familia hii imekaa ndani, imeacha ibada, imeacha harusi, mama ameacha kazi. Wameshabeba sehemu yao.

Lakini tupime mizigo miwili hii kwa haki. Upande mmoja ni sindano, ujumbe mfupi wa simu, na kusema ukweli: "Mwanangu ana homa, tutakuja wiki nyingine." Upande wa pili ni miaka miwili ndani ya chumba kimoja, na hata huko hakuna usalama, maana baba lazima aende kazini na dada lazima aende shule. Mwenye nguvu akitoa kidogo, mnyonge anapata kikubwa. Mwenye nguvu akikataa kutoa kidogo hicho, mnyonge hata akitoa vyote hafiki. Mzigo ukiwa hivyo, anayeuweza ndiye anayepaswa kusogea kwanza. Paulo, akiwaandikia Wakorintho habari za nyama iliyotolewa kwa sanamu, hakukana kwamba mwenye ujuzi ana uhuru wa kula. Alimtaka amtazame kwanza ndugu aliye dhaifu. Uhuru ni wake, ndiyo. Lakini haumalizi swali la namna ya kuutumia.

Na tuseme wazi jambo moja lililoleta hofu. Baadhi ya wazazi waliogopa kwamba watoto wao wakichanjwa surua, watambebea mgonjwa virusi. Haiko hivyo. Chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ni salama kwa wanaoishi na aliyepandikizwa, tena wanahimizwa kuwa nayo. Dada aliyetoa uboho alihitaji dozi yake ya pili, akachomwa, akarudi nyumbani kulala chumba kile kile. Chanjo ya tetekuwanga nayo inafaa kwa watu wa nyumbani. Ila aliyechanjwa akitokwa na vipele, akae mbali na mgonjwa mpaka vikauke. Cha kuangaliwa zaidi ni matone ya polio ya mdomoni, kwa kuwa virusi vyake hutoka na choo cha mtoto kwa wiki kadhaa. Anayeishi nyumba moja na mgonjwa asipewe matone. Tukileta mtoto kutoka nyumbani, ambako kampeni za matone hupita nyumba kwa nyumba, tuwaambie wenyeji kabla hatujabisha hodi.

Na sisi watu wazima tusijione tumemaliza. Kenya iliingiza dozi ya pili ya surua katika ratiba ya watoto mwaka 2013, na Tanzania mwaka 2014. Vijana wengi wa ushirika huu walizaliwa kabla ya hapo, walichomwa mara moja wakiwa na miezi 9, na dozi hiyo moja hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Hao 15 waliobaki hawajijui. Mtu asiye na kadi anaweza kuchomwa tena bila kudhurika, isipokuwa mjamzito na yule ambaye kinga yake mwenyewe imeshuka. Hao wamuulize daktari kwanza.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ni la siri. Kwa nini mama yule alichelewa kutuambia? Alitujibu bila kuzunguka: aliogopa midomo yetu. Aliogopa kusikia kwamba mtoto amerogwa, kwamba ni dhambi ya wazazi, kwamba baba amekula pesa za michango. Tuliinamisha vichwa, maana hakusingizia. Tunamtaka mgonjwa aseme ukweli ili tumlinde, na hapo hapo tunamwadhibu akisema. Hatuwezi kudai yote mawili.

Kwa sababu hiyo tumefikia mahali ambapo hatukutarajia. Tulianza kwa kuuliza: nani kati yetu ni mgonjwa, ili tujihadhari naye? Swali hilo si sahihi. Katika ibada moja ya Ijumaa yumo mwenye uboho mpya, yumo mwanamke mwenye mimba ya wiki sita ambaye bado hajamwambia hata mumewe, yumo mtoto mchanga ambaye umri wa chanjo haujafika, yumo anayetumia dawa za saratani na amevaa suti yake vizuri. Wote hao hawaruhusiwi chanjo ya surua kwa sasa, na hakuna anayelazimika kujitangaza. Wajibu wetu ukisubiri mpaka tuambiwe jina, utawakosa wengi wao. Inafaa tuishi kana kwamba yupo, kwa sababu yupo.

Yapo pia maneno kwa familia zinazosubiri. Mtu akiambiwa kwa miaka miwili kwamba chanjo fulani ni hatari, siku akiambiwa sasa ni salama moyo unagoma. Tunawaomba msiishie njiani. Siku daktari wa upandikizaji akisema muda umetimia, nendeni. Kusubiri kulikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ni chanjo.

Na wale mnaopanga kusafiri likizo ya Agosti, tazameni kadi ya njano. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano inahesabiwa ni ya maisha. Kwa afisa wa mpakani, kadi ya mtoto aliyepandikizwa bado ni halali. Lakini kadi inakumbuka kile ambacho uboho umekisahau. Karatasi inasema ana kinga, wakati mwili hauna. Wala asichomwe upya kwa haraka ili mradi safari ifanyike, kwa kuwa hiyo nayo ni chanjo hai. Nchi kama Uganda hudai kadi kwa wasafiri wote walio na umri wa mwaka mmoja na zaidi, na kanuni za kimataifa za afya zinamruhusu daktari kuandika cheti cha msamaha kwa asiyeweza kuchanjwa. Cheti kinamvusha mpaka. Mbu hasomi cheti. Kwa hiyo muulizeni daktari kwanza kama safari yenyewe inafaa. Bibi anaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi kumwona mjukuu aliye hai.

Tumalizie kwa mzee. Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada, alituita pembeni. Alisema swali lake lilimnyima usingizi. Akatueleza kwamba yeye aliugua surua akiwa mdogo, kijijini, na akapona, lakini mdogo wake aliyelala naye mkeka mmoja hakupona. Hakuwa ameyasema hayo kwa miaka mingi. "Nilipouliza ana haki gani ya kujua habari za mwili wangu," alisema, "nilisahau kwamba mimi ndiye niliyemletea mdogo wangu." Hatukuwa na la kumjibu. Mtoto wa miaka sita hana kosa, na tulimwambia hivyo, naye alitikisa kichwa kama mtu anayejua hilo tayari na halijamsaidia.

Alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba surua haimrudii aliyekwisha kuiugua, kwa hiyo yeye angekuwa mgeni salama pale nyumbani. Hata hivyo alimpigia mama wa mtoto, akamweleza habari za mwili wake, akauliza kama anaruhusiwa. Aliambiwa aje peke yake, asiwe na mafua, anawe mikono mlangoni. Alikaa nusu saa. Mtoto alimwonyesha daftari lenye kalenda aliyoichora mwenyewe. Miezi 14 imekatwa kwa wino, 10 bado.

Tunaomba kila nyumba, wiki hii, itafute kadi zake. Asiye na kadi aulize kituo cha afya kilicho karibu naye. Mwenye homa au mafua abaki nyumbani Ijumaa, na hakuna atakayemhesabia kuwa amepoa kiroho. Pilau iendelee kupikwa: iachwe mlangoni, hodi ipigwe, na mgeni arudi nyuma hatua chache. Mungu atujalie tuwe wageni ambao mwenyeji akitusikia tunakuja, anapona kweli.

Amina.